Hoteli Iliyohamia Makambako

Nilifika kwenye hoteli ile ya pwani nikiwa msichana wa Njombe ambaye hajawahi kulala bila blanketi mbili. Wiki ya kwanza nilivaa sweta mpaka wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Joto nililichukulia kama mvua, kitu ambacho baada ya muda kitakatika.

Aliyenipeleka kule alikuwa meneja wa hoteli mwenyewe. Alikuwa mtu wa kwetu, Mbena wa kijiji cha jirani, aliyeanza kazi kama karani wa mapokezi akapanda mpaka akakabidhiwa hoteli nzima, wakati huo ikiwa mali ya shirika la umma. Alikuja likizo, akamkuta baba anapalilia pareto, akamwambia kuna nafasi hotelini kwa msichana mwaminifu. Neno hilo, mwaminifu, lilikuwa lake. Baba alilirudia kwa majirani mwezi mzima. Mimi nilimwita meneja kaka, yeye akaniita mdogo wangu, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kwa Kibena, kwa sauti ya chini, ili watu wa pwani wasituone washamba.

Niliwekwa stoo ya mashuka. Hapo ndipo nilipoijua hoteli, maana aliyekuwa anaijua vizuri alikuwa dobi mkuu, mzee wa pwani aliyeanza kazi enzi za Waingereza akiwa mchemsha maji. Tulikaa chumba kimoja, yeye kwenye meza ya pasi, mimi kwenye makabati. Alisimulia huku akipiga pasi, na akifika penye utamu alinyamaza mpaka amalize kola.

Alisema Wajerumani ndio walioijenga, kwa mawe ya matumbawe na mbao zilizoletwa kwa meli, ili wenye mashamba ya mkonge wapate mahali pa kunywea wakisubiri meli za kwenda kwao. Vita vilipokuja, vyumba vikajaa majeruhi, na ile sakafu ya ukumbi, ya vigae vyeusi na vyeupe, ikawa inaoshwa damu asubuhi na jioni. Kisha Waingereza wakaichukua. Wakaongeza ghorofa, wakaleta piano, wakaweka vioo virefu vyenye fremu za dhahabu, na kila kikombe na kila sahani wakavichapa nanga ya bluu. Wakati wao Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma tu, na hata hapo alitakiwa kwanza kuonyesha viganja kama ni safi.

"Mimi nimeonyesha viganja mpaka nikaota mvi," aliniambia. "Siku ya uhuru nilivaa shati jeupe, nikaingia kwa mlango wa mbele. Sikuwa na shida ya kwenda popote. Nilipita ukumbini, nikatokea jikoni, nikaenda kupiga pasi."

Serikali ilipoitaifisha, walilala pale mawaziri, wapigania uhuru wa nchi za kusini, na maharusi waliotaka kupigwa picha kwenye ngazi. Nilifika mwishoni mwa fahari hiyo. Nilikuta bado wahudumu wanavaa kanzu na mkanda mwekundu, lakini sabuni ilikuwa imeanza kupotea madukani. Ikaja miaka ambayo tulifua kwa majani ya mpapai, na mashuka yakichanika katikati tuliyakata, tukaunganisha kingo, tukashona upya. Hospitali ya jirani ilikuwa inaleta nguo zake kwetu, zikawa zinachanganyika. Kwa hiyo kila shuka la hoteli nililitia alama pembeni kwa uzi mwekundu, mishono mitatu inayokutana chini kama unyayo wa kuku. Mama yangu alisuka alama hiyo kwenye vikapu vyake. Hakuna aliyeniagiza. Nilifanya hivyo kwa sababu niliipenda hoteli ile kupita kiasi, na nasema hivi sasa ili mtu aelewe niliyoyafanya baadaye.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa vitu na sisi tukaanza kusikia kwamba mashirika ya umma yatauzwa. Hoteli ilianza kufa kabla mnunuzi hajafika. Lifti iliharibika, ikaachwa. Bomba la ghorofa ya juu likapasuka, vyumba vikafungwa. Viti vya mahameli vilipakiwa kwenye lori mchana kweupe, tukaambiwa vinakwenda kukarabatiwa, havikurudi. Piano ikaenda, vioo vikafuata. Siku moja nilifungua kabati la mashuka mapya, yale ya wageni wakubwa, nikakuta rafu tupu. Nilikwenda mbio kwa meneja.

"Kaka, mashuka yameibwa."

"Nimeyahamisha mimi," alisema. "Nenda kafanye kazi yako."

Nikaenda kufanya kazi yangu. Mtu wa kwetu alikuwa amesema.

Kisha wakaja wakaguzi. Meneja alituita wote uani, kuanzia wapishi hadi mtunza bustani. Wakaguzi walikuwa wamekalishwa kivulini, wakapewa madafu. Meneja akasema hoteli imekuwa ikiibiwa kidogo kidogo, na wizi huo umeanzia stoo ya mashuka. Hakutaja jina. Alinitazama, na wote wakageuka kunitazama.

Walinzi walikwenda chumbani kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi, wakarudi na kila nilichokuwa nacho, wakakimwaga kwenye saruji. Sketi zangu, kitabu changu cha nyimbo za kanisa, nguo zangu za ndani. Mkaguzi mmoja aliinua chupi yangu kwa ncha ya kalamu, watu wakacheka. Chini kabisa lilikuwepo shuka moja kuukuu lililotoboka, ambalo meneja mwenyewe aliniruhusu nilifanye pazia.

"Kaka," nilisema, "si wewe uliyeniruhusu?"

Alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mimi si kaka yako hapa."

Mke wake alikuwa dirishani kwake, ghorofani. Mwanamke huyo tulikuwa tunakula naye samaki sahani moja siku za Jumapili. Alifunga dirisha. Dobi mkuu peke yake ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alichuchumaa, akaanza kuokota nguo zangu moja moja, akizikunja vizuri kama nguo za mgeni wa chumba cha kwanza, hata zile za ndani. Aliponipa mzigo wangu nilikuwa nimekwisha kufukuzwa kazi.

Nilirudi kwa treni mpaka Makambako, kisha kwa gari la mizigo mpaka Njombe. Habari zilikuwa zimetangulia. Meneja alikuwa amempigia simu ndugu yake posta, na ndugu yake alikuwa na mdomo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nikamshukuru Mungu kwa hilo, jambo ambalo sikutegemea kulifanya. Mama alinipa uji. Nilipomaliza aliniuliza, mara moja tu, akiwa ameniangalia usoni:

"Ulichukua?"

"Hapana, mama."

"Basi," akasema, akachukua kikombe akaenda kukiosha. Hakuuliza tena hadi alipokufa.

Wengine hawakuuliza hata hiyo mara moja. Kanisani nilirudi kwaya, na wanawake wa sauti yangu wakasogea, nikabaki na nafasi pande zote mbili kama mtu mwenye ukoma. Mzee mmoja wa kanisa alisema, nikiwa nasikia, kwamba funguo za stoo ya sadaka sasa zikae kwa mchungaji. Nilivumilia mavuno mawili. Kisha nikachukua sufuria za mama nikahamia Makambako, mji ambao watu wake wametoka kila mahali na hakuna anayekuuliza baba yako alikuwa nani.

Nikawa mama ntilie stendi. Upepo wa Makambako unaufahamu; unakuja na vumbi, unaingia kwenye maharage, unazima moto, unapeperusha turubai. Nilipika wali, ndizi, chai ya maziwa yenye tangawizi. Niliwauzia wapiga debe, wapakiaji wa viazi, abiria wa Songea wanaosubiri magari ya Mbeya. Na kila siku nilimfikiria meneja. Nikipepeta mchele namfikiria, nikikata nyama namfikiria. Sikumwomba Mungu anilipie. Niliona kazi ile si yake, ni yangu.

Hoteli ya pwani iliuzwa kwa mwekezaji. Meneja akapata kiinua mgongo, akarudi nyumbani akiwa tajiri. Akanunua kiwanja kando ya barabara kuu, hapo hapo Makambako, akaanza kujenga. Ghorofa ilipanda nikiitazama kutoka kwenye turubai langu. Ilipokwisha, akasimamisha ubao wa bluu uliochorwa mawimbi na nanga. Bahari, Makambako! Watu walipita wakiusifia. Alitoa bati za kuezeka kanisa letu la kule nyumbani, akawa mzee wa kanisa. Mabasi makubwa ya mikoani yakaanza kusimama kwake kwa chakula cha mchana.

Sikukurupuka. Nilisubiri Jumapili moja ambayo nilisikia amewaalika mchungaji na wazee wote chakula, baada ya ibada. Nilivaa gauni langu zuri, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikaomba chumba cha kupumzika mchana. Msichana wa mapokezi hakunijua.

Nilipita ukumbini. Vioo vile virefu vilikuwa ukutani. Viti vya mahameli vilikuwa vimepangwa kwenye meza. Piano ilikuwa pembeni, juu yake wameweka chungu cha maua ya plastiki. Hata vigae vyeusi na vyeupe alivibandua kule akavibandika kwenye ubaraza wa mbele, ambapo vilikuwa vimeanza kupasuka kwa baridi. Nilihisi kama nimemkuta ndugu yangu amefungwa kamba kwenye nyumba ya mtu.

Chumbani nilifunga mlango, nikafunua kitanda, nikatafuta pembe ya shuka. Unyayo wa kuku ulikuwepo. Uzi ulikuwa umepauka kidogo, lakini ni mkono wangu. Nikachomoa shuka lote, nikalikunja juu ya mkono wangu kama mhudumu, nikatoka nalo mpaka ukumbini.

Walikuwa kwenye supu. Meneja alikaa kichwa cha meza, mchungaji kuumeni kwake, wazee wakifuata, na wanawake wawili wa ile kwaya iliyonikwepa. Kwenye meza nyingine abiria wa basi la kwenda Dar walikuwa wanakula, na karibu na dirisha alikuwa ameketi Hajji mwenye mabasi hayo, mfanyabiashara mzaliwa wa Kondoa, anakunywa chai.

Niliweka pembe ya shuka mbele ya mchungaji, kando ya bakuli lake.

"Mchungaji, samahani kwa kukatisha chakula. Mimi ndiye niliyefukuzwa kule pwani kwa kuiba mashuka. Alama hii nyekundu nilishona mimi. Mama yangu alisuka hii hii kwenye vikapu, na wengi hapa mna vikapu vyake. Mashuka niliyoiba nimeyakuta yametandikwa humu ndani. Naomba mnisaidie kumuuliza mwenye nyumba yalifikaje."

Meneja aliinuka, akaja kwangu akitabasamu, akanishika kiwiko, akaniambia kwa Kibena, polepole, mdogo wangu, twende tukazungumze ndani, haya ni mambo ya nyumbani.

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ileile aliyoitumia yeye uani: "Mimi si mdogo wako hapa."

Hapo tabasamu likamtoka. Akapiga kelele kwamba huyu mwanamke ni mwizi, ametoa shuka chumbani, mmeona wenyewe analo mkononi. Akatuma mtu polisi. Kwa hiyo nikakamatwa kwa kuiba shuka, kwa mara ya pili, shuka la hoteli ileile, na mtu yuleyule.

Kituoni mkuu wa polisi alikuwa mtu wa Mara, mchovu, amevaa koti la kiraia juu ya sare kwa ajili ya baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hajji alikuwa amefuata kwa miguu, akasimama mlangoni kama shahidi ingawa hakuitwa.

"Nitajuaje alama ni yako?" mkuu aliuliza.

"Tuma askari akafunue vitanda vyote. Kila pembe ya kushoto atakuta unyayo wa kuku."

Akatuma. Askari alirudi na mashuka begani, akayabwaga mezani, na kila lililofunuliwa lilikuwa na alama. Mkuu akayatazama, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kuona mambo.

"Mama, nimekuamini. Nenda nyumbani."

"Na yeye?"

"Yeye nimfungulie mashtaka ya nani? Mlalamikaji ni nani? Hoteli ilikuwa ya shirika, shirika limevunjwa. Aliyenunua jengo amesaini kwamba kapokea kila kitu. Hakuna mtu anayedai haya mashuka."

"Mimi nadai."

"Wewe hayakuwa yako, mama," akasema, na alikuwa anasema kweli.

Nilitoka pale. Niliona wazi kwamba ningeweza kumwaibisha nipendavyo, na kesho yake mabasi yangesimama palepale, abiria wangekalia viti vilevile. Hajji alikuwa anatembea pembeni yangu, amejifunga kilemba mpaka masikioni.

"Unataka nini sasa, mama?" aliuliza.

"Nataka mabasi yako."

Alisimama. Nadhani alitegemea nitasema nataka haki.

"Pale kwangu stendi pana turubai tu," niliendelea, "lakini nyuma yake kuna godauni la viazi linalokodishwa. Nitaweka meza. Nitaweka maji ya moto ya kunawa, na baridi hii yote hakuna hoteli ya njiani yenye maji ya moto. Nitaweka vyoo ambavyo mwanamke ataingia na mtoto bila kuziba pua. Kuku atachinjwa na mtu utakayemleta wewe, wa msikiti wako, mbele ya macho yako. Nimefanya kazi kwenye hoteli waliyolala mawaziri. Najua mtu aliyetoka safari ndefu anataka nini."

"Nikikupa mabasi, na chakula kikawa kibaya?"

"Yaondoe."

"Nitayaondoa," alisema. "Mimi si baba yako." Ndivyo tulivyokubaliana. Napenda kukumbuka kwamba hakunihurumia.

Godauni lilinichukua msimu mzima wa baridi. Nilipaka chokaa mwenyewe, kuta zikanichubua vidole. Nilitandika vitambaa vyeupe mezani, vya marekani ya bei ya chini, lakini vimepigwa pasi ya mkaa kama alivyonifundisha mzee wangu dobi. Siku basi la kwanza liliposimama nilikuwa mlangoni na birika la maji ya moto, nikamnawisha kila abiria mikono mimi mwenyewe. Wanawake ndio walionitangaza. Walipanda basi wakisema Makambako kuna vyoo, na wenzao wakaanza kuwauliza madereva kwa nini hawasimami kule kwenye vyoo.

Meneja alipambana. Aliwapa madereva nyama ya kuchoma na bia. Nami madereva na makondakta nikawapikia bure, chumba chao peke yao, chenye jiko la mkaa na kitanda cha kunyoosha mgongo. Akaeneza kwamba nimetumia dawa ya mganga kutoka Ludewa. Nikamwambia aliyeniletea habari kwamba ndiyo, dawa naichemsha kila asubuhi, inaitwa maji. Mabasi ya Hajji yalipohamia, ya wenzake yakafuata, moja baada ya jingine, na kila moja lililopita ubao ule wa nanga bila kupunguza mwendo nililisikia mwilini kama mtu anavyosikia kinywaji kikali kikishuka. Sidanganyi. Ilikuwa furaha kubwa kuliko ya bibi harusi.

Wanawake wa kwaya walikuja kunisalimia na kuku wawili. Nikawapokea kuku, nikawapa chai. Kwaya sikurudi.

Ilipofika mwaka wa tatu, meneja alikuja. Ilikuwa saa nne za asubuhi, kabla mabasi hayajaingia. Lakini ukumbini walikuwepo wapakiaji wa viazi na walimu wawili wa Mlangali waliokuwa wanasubiri usafiri. Alikuwa amekonda. Koti lake la suti lilikuwa lilelile la pwani.

"Kamwene," alisema, akinisalimu kwa Kibena.

Mimi ni mdogo kwake, na kwetu mdogo hamnyimi mkubwa salamu. Nikaendelea kufuta meza.

Akaanza kuniambia kwa Kibena kwamba benki inataka nyumba, kwamba watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kwamba sisi ni watu wa kijito kimoja. Kwamba yale ya kule pwani ilikuwa lazima apatikane mtu wa kubeba, na mimi sikuwa na watoto bado.

"Sema Kiswahili," nilimwambia, "wateja wasikie."

Alitazama nyuma. Wapakiaji walikuwa wameacha kutafuna.

"Nilikosea," akasema kwa Kiswahili.

"Ulikosea nini?"

"Nilikusingizia."

"Nani aliiba?"

Basi lilikuwa linapiga honi kwa mbali, kwenye mteremko.

"Mimi," alisema.

"Asante," nilimwambia. Akabaki amesimama, akidhani kuna kitu kinachofuata. Aliniuliza kama sasa nitazungumza na Hajji, walau apate basi moja, walau yale ya usiku. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nimemsamehe. Nikamwambia hapana tena, kisha nikamwomba anipishe, abiria wangu wanafika.

Watu waliosikia habari ile waligawanyika juu yangu. Wengine walisema nimefanya sawa, wengine wakasema angalau basi moja. Mchungaji mpya alinijia na Biblia. Nilimsikiliza kwa heshima, nikamwuliza kama kanisa litarudisha zile bati. Hakuja tena kwa jambo hilo.

Benki iliichukua ghorofa, na vilivyokuwa ndani vikatapakaa mjini. Kioo kimoja kirefu kilikwenda kwa kinyozi karibu na stesheni ya treni, kikawa kinawaonyesha wapakiaji vichwa vyao. Viti vya mahameli nilivikuta kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi, vimelowa, wazee wamevikalia na mabuti yenye udongo. Piano ilikaa nje kwa msimu wa mvua, kisha fundi mmoja wa samani akainunua kwa ajili ya mbao. Wajerumani, Waingereza, wapigania uhuru, wote waliishia hapo. Niliumia kwa ajili ya hoteli, lakini afadhali ivunjwe vipande kuliko kuwa nzima mikononi mwake.

Niliwahi kwenda pwani kuitazama ile yenyewe. Dobi mkuu alikuwa amekwisha kufa, nikapeleka rambirambi kwa binti yake. Jengo lilikuwa limezungushiwa ukuta mpya, mlangoni kuna mlinzi mwenye redio ya mkononi. Aliniambia wafanyakazi wanapita nyuma. Nikamwambia mimi si mfanyakazi. Akasema basi sina pa kupita. Mwenye hoteli mpya sikumjua jina wala sura, na hasira yangu kwake haikupata pa kushika. Nikapanda basi nikarudi kwenye baridi yangu.

Meneja alirudi kijijini kulima viazi, na sukari ikamshika, mguu ukamwozea. Ndipo mke wake alipokuja kuniomba kazi. Alisimama mlango wa jikoni, si wa mbele, amefunga kanga mbili juu ya sweta. Mwanamke yule wa samaki wa Jumapili.

Nilimchukua papo hapo. Nilimweka kwenye masufuria, na Jumamosi jioni nikamfungia chakula cha kupeleka nyumbani, wali na nyama, kilichobaki safi. Kila wiki alipokwenda kijijini alibeba chakula hicho. Mji ukasema nimelainika, mama wa godauni amesamehe. Mchungaji alinitolea mfano madhabahuni. Hawakujua. Nilitaka kila tonge analomeza mtu yule ajue limetoka kwangu. Nilitaka aone njaa ikimlazimisha kufungua mdomo. Nilikuwa nachagua mwenyewe vipande vya nyama, vinono, ili vimkae kooni.

Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, mimi na mke wake, mabasi yameondoka. Akaniambia bila kuinua kichwa:

"Najua kwa nini ulinichukua."

Nikaendelea kuchambua.

"Na yeye anajua. Chakula chako anakula analia. Mwanzoni nilikuwa namficha, nikimwambia nimepika mimi. Akaijua ladha."

"Unataka kuacha kazi?"

Alitupa kijiwe mlangoni, akachukua konzi nyingine ya mchele.

"Niache kazi niwapeleke wapi watoto? Mfungie tu," akasema. "Ila punguza chumvi, daktari amekataza."

Nikapunguza chumvi. Nilitaka aishi muda mrefu.